Kofia Mbili za Mwenye Vespa

Mtumishi wa serikali atokaye Kaole asubuhi kwenda kazini Bagamoyo mjini, shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, ana maadui watatu njiani: vumbi, matope na grisi ya mnyororo. Baiskeli humtoa jasho. Pikipiki ya kawaida humtaka arushe mguu juu kama apandaye farasi, na kwa aliyevaa kanzu jambo hilo halina heshima.

Wenzetu wa Unguja walikwisha kuutegua mtego huo zamani. Simama Darajani siku ya Ijumaa, utawaona watu wazima wenye kanzu nyeupe na kofia za kiua wakipita juu ya Vespa, wima, kama walioketi barazani kwao.

Sura ya chombo hicho haikuja kwa bahati. Mwaka 1946, Italia ikiwa imetoka vitani, kiwanda cha Piaggio kilichokuwa kikiunda ndege kilikitoa kwa mara ya kwanza. Aliyekibuni ni mhandisi Corradino D'Ascanio, bingwa wa helikopta, ambaye mwenyewe hakuzipenda pikipiki. Aliondoa mnyororo, akaifunika injini kwa bati, akaweka gia mkononi, akasimamisha ngao mbele ya miguu, na katikati akaacha nafasi wazi ili hata mwenye sketi apande bila taabu. Kanzu hatudhani aliiwazia, lakini imefaidika.

Tusikisifu kupita kiasi. Magurudumu yake madogo hayapatani na mchanga, na njia ya Bagamoyo hadi Dar es Salaam, kilomita 70 hivi, ilipokuwa haijatiwa lami haikuwa njia ya Vespa. Leo lami ipo, na hatari imebadilika: ni mabasi na malori yaendayo mbio.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Bwana yule aliyehifadhi kanzu, viatu, hata mkunjo wa suruali, mara nyingi kichwa amekiacha, akichelea kofia ya kiua isije ikabonyea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kwa upande wa Bara, inamtaka mwendeshaji avae kofia ngumu. Nayo mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Udhuru twaujua: joto, jasho, nywele zilizosukwa jana. Tena kofia ngumu ikifika ofisini haina mahali pake. Hushinda juu ya meza kama sufuria iliyopotea jikoni. Udhuru huu wa mwisho si wa kupuuzwa. Seremala aweza kupigilia ubao wa misumari kumi kando ya mlango kwa asubuhi moja. Kofia ya kiua nayo isafiri ndani ya mkoba, ivaliwe mlangoni. Wakuu wa ofisi, Bara na Visiwani, waanze wao, makarani watafuata.

Yuko pia mtoto wa shule asimamaye mbele ya mzazi wake, pale penye nafasi iliyoachwa kwa ajili ya sketi. Sare imenyooka, viatu vinang'aa, kichwani hana kitu. Walimu wakuu nao wapigilie ubao wao, chini kidogo.