Namugongo: Waliothubutu Kumkatalia Kabaka
KILA tarehe 3 Juni Wakristo humiminika Namugongo, karibu na Kampala, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya. Hapo ndipo Charles Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka wa 1886. Walikuwa vijana watumishi wa Kabaka Mwanga. Siku ya hukumu, Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Walijua kinachowangoja, nao wakajitenga.

Sisi Waislamu wa pwani habari hii yatuhusu pia. Uislamu ulifika Buganda pamoja na wafanyabiashara waliotoka huku kwetu. Kabaka Mutesa, babake Mwanga, alifunga Ramadhani, lakini alikataa kutahiriwa. Basi vijana wake Waislamu wakakataa kusalishwa naye, na nyama ya kwake hawakuila, kwa kuwa waliochinja hawakutahiriwa. Mnamo 1876 wapatao 70 waliuawa, hapo hapo Namugongo.

Dini zilikuwa mbili, kosa moja: kumwambia mfalme kwamba yuko aliye juu yake. Leo Namugongo pana makanisa na pana msikiti. Anayewaheshimu mashahidi wake hana budi kuwaheshimu na wa jirani.