Imani Ndani ya Sala: Kiswahili cha Waanglikana kutoka Mkunazini hadi Kiseke

Mtafiti atakaye kuyajua mafundisho ya dhehebu fulani aghalabu huanza na vitabu vya wanateolojia wake. Kwa Kanisa Anglikana njia hiyo haitoshi. Waanglikana wanavyo Vifungu 39 vya mwaka 1571, lakini tangu Kitabu cha Sala cha kwanza cha mwaka 1549, imani yao imebebwa zaidi na maneno ambayo waumini huyatamka kwa pamoja. Kifungu cha 24 kinapinga ibada kuendeshwa kwa lugha wasiyoielewa watu. Hivyo tafsiri si kazi ya pembeni; ni tendo la imani.

Misingi yenyewe ni michache. Mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1888 uliitaja minne: Maandiko Matakatifu, Imani ya Mitume na ile ya Nikea, sakramenti mbili alizoziweka Kristo, yaani Ubatizo na Chakula cha Bwana, na uaskofu uliorithiwa tangu kale. Nje ya hiyo, desturi zimeachiwa nafasi pana ya kutofautiana.

Nafasi hiyo inaonekana wazi katika Kiswahili, kwa kuwa Uanglikana uliingia kwa milango miwili. Mwaka 1844 Krapf wa CMS alifika Mombasa, na kazi ya chama hicho pwani ikajengwa juu ya Kimvita. Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA walifika Unguja. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, alitafsiri kwa Kiunguja. Zikapatikana Biblia mbili, ya Unguja mwaka 1891 na ya Mombasa mwaka 1914. Baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Biblia ya pamoja ilitolewa mwaka 1952.

Hata hivyo, usanifishaji haukufuta tofauti za ibada. Palipolelewa na UMCA husikika zaidi “Misa” na “padre”, na uvumba hufukizwa. Palipolelewa na CMS husikika “Meza ya Bwana” na “mchungaji”, na mahubiri hupewa uzito mkubwa. Daraja tatu za huduma, askofu, kasisi na shemasi, zina majina yaliyopitia Kiarabu, lugha ya Wakristo wengi wa Mashariki kabla ya misheni hizo.

Kusini mwa Ziwa Viktoria historia ilikwenda kwa kusitasita. Wamisionari wawili wa CMS, Smith na O’Neill, waliuawa Ukerewe mwaka 1877. Alexander Mackay alifariki Usambiro mwaka 1890. Na mwaka 1909 kituo cha Nassa kilikabidhiwa African Inland Mission. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 na kuwarahisishia safari wageni wa kutoka mbali. Dayosisi ya Victoria Nyanza iliundwa mwaka 1963, na mwaka 1970 Jimbo la Tanzania likaziunganisha dayosisi za asili zote mbili.

Kwa hiyo, katika kata ya mjini kama Kiseke, wilayani Ilemela, Mwanglikana wa Masasi aliyezoea Misa na mwenzake wa Dodoma aliyezoea Meza ya Bwana wanaweza kuketi benchi moja. Anayepima imani kwa msamiati pekee atahesabu makanisa mawili, ilhali lipo moja. Lakini anayesema maneno hayo ni visawe tu atakosea pia, kwani kila moja limebeba historia ya mabishano kuhusu kinachotendeka madhabahuni.

Limebaki swali zito zaidi. Jirani yao Msukuma, hasa mzee aliyelelewa kwa Kisukuma, huenda akakiimba Kiswahili cha kanisani bila kukifikia kwa kina. Kifungu cha 24 hakiridhiki na lugha ya taifa kwa kuwa ni ya taifa. Kinauliza kama huyu aliyeketi hapa ameelewa. Hilo ni swali la isimujamii, na kwa Waanglikana ni swali la imani.