Kambi Shambani: Ukimya Unavyomgharimu Mwenye Shamba

Wanachuo wenzangu, nenda Mofu, Bonde la Kilombero, kiangazi kikishakolea. Mpunga umevunwa, maji ya masika yamepungua, na familia zilizokuwa zikilala shambani kuamia ndege zimerudi kijijini. Shamba limebaki peke yake. Hapo ndipo kambi zinapoingia: wafugaji wanaofuata majani na maji, wavuvi na madago yao, na hata sisi wa fildi na mahema yetu.

Kwa mpita njia, shamba lililovunwa ni pori tu. Kwa mwenyewe siyo. Ng'ombe wengi wakikanyaga udongo wenye unyevu, kingo za majaruba zinabomoka, na msimu ukianza ni yeye wa kushika jembe kuzijenga upya. Moto wa kambi usipozimwa vizuri, upepo unaupeleka kwa jirani. Njia iliyopitwa msimu mmoja, mwaka unaofuata watu wanaiita barabara.

Tusiseme kambi ni hasara tupu. Samadi inabaki shambani, na mgeni ananunua mchele wa wenyeji. Tatizo ni kambi isiyo na makubaliano.

Sasa sheria inasemaje? Mwenye ardhi ana miaka 12 ya kufungua dai la kuirudisha. Akinyamaza mpaka muda huo upite, anaweza kukuta mlango umefungwa. Kukaa tu hakumpi mtu umiliki, maana mahakama huangalia mengi. Ila mahakama zetu zimeshikilia jambo moja: mgeni aliyekaribishwa hageuki mmiliki, hata akae miaka mingi. Kwa hiyo, kumkaribisha mtu kwa masharti ni salama kuliko kumtazama kimya.

Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo. Operesheni huja na kupita. Mwenye shamba na mgeni wake hubaki kutazamana.

Nusu ukurasa unatosha: nani anapiga kambi, wapi, anaingia lini na kutoka lini, ana mifugo mingapi, na atalipa nini akiharibu. Mashahidi wasaini, nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Mgogoro ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji lina pa kuanzia usuluhishi. Mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anasimama imara zaidi.

Na sisi wa fildi tusijidanganye kwamba barua ya chuo inamaliza kila kitu. Mtendaji anakupa ruhusa ya kuingia kijijini. Shamba lina mwenyewe. Mtafute, mwombe, kisha ndipo ufungue hema.