NDEGE HUYU NI NANI? JIFUNZE KUSOMA PICHA

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alileta chamani picha aliyoipiga kwa simu karibu na jaa la takataka hapa Kakuma. Ndani yake mlikuwa na ndege wawili: mmoja mweupe mwenye uso wa manjano, mwingine wa kahawia. Basi ubishi ukazuka! "Yule wa kahawia ni mwewe!" "Wapi! Ni kunguru huyo!" Wengine wakataja majina ya Kiturkana, Kisomali na Kidinka. Kumbe wote wawili ni ndege wa aina moja, tumbusi wa Misri. Mweupe ni mkubwa, wa kahawia bado ni mchanga. Huchukua miaka minne au mitano kabla ya kuwa mweupe kabisa.

Tulikosea wapi? Tulitazama rangi kwanza. Ukitaka kumtambua ndege pichani, fuata hatua hizi:

Kwanza, tazama umbo. Mdomo wa mwewe ni mfupi uliopinda. Wa tumbusi huyu ni mrefu na mwembamba, na akiruka mkia wake ni kama kabari.

Pili, tafuta alama ndogo. Yule kwenzi wa tumbo jekundu anayeokota makombo yetu ana ukanda mweupe kifuani na jicho jeupe. Kwenzi aitwaye Hildebrandt anafanana naye sana, lakini hana ukanda huo na jicho lake ni jekundu.

Tatu, andika mahali na tarehe. Hildebrandt hukaa kusini mwa Kenya na Tanzania, si huku kwetu. Tena ndege wengi wa Ulaya na Asia hufika kwetu kuanzia Oktoba na kurudi kwao mwezi wa Aprili hivi.

Nne, lipe jua mgongo unapopiga picha. Ukilielekea, kila ndege atatoka mweusi.

Mtauliza, jina la ndege litanisaidia nini? Ndugu zangu, tangu mwaka wa 2007 tumbusi wa Misri yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Mfugaji aliyeliwa mbuzi wake na fisi hutia sumu kwenye mzoga, na tumbusi aliyekuja kutusafishia mazingira hufa bila kosa. Sasa, sisi tukimwandika "mwewe", nani atajua kwamba amepungua? Kuna mradi uitwao Kenya Bird Map unaopokea orodha za ndege kutoka kwa wananchi. Orodha yenye majina ya kubahatisha haina faida kwa mtu.

Kwa hivyo usipomjua ndege, andika "sijui" kisha waulize wenzako, mwalimu, hata wazee wafugaji. Kuuliza si ujinga. Leteni picha zenu chamani, tubishane tena, lakini safari hii kwa ushahidi!