Boti ya faiba au ya alumini? Mtafute fundi kabla ya kutazama bei

KATIKA mialo na madiko mengi ya Tanzania, boti ya mbao bado ndiyo inayoonekana kwa wingi. Lakini mvuvi anayetaka kununua chombo kipya siku hizi haulizi tu kama mbao ni za mvule au za mninga. Anauliza bei ya boti ya faiba, na wachache wenye mtaji mkubwa zaidi wanauliza habari za alumini.

Swali hilo ni zito. Kwa mvuvi mdogo, boti na mashine yake huwa ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote atakazonunua, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo au kwa fedha za kikundi. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi kwa wavuvi na wafugaji wa samaki boti za kisasa na vizimba kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB). Mikopo ya namna hiyo imewafikisha watu wengi kwenye uamuzi ambao wazazi wao hawakuwahi kuufanya. Anayekosea hubaki na deni huku chombo kimelala mchangani.

Ukweli ni kwamba faiba ni nzuri na alumini ni nzuri. Mambo matatu ndiyo yanayoamua ipi inakufaa wewe: maji unayovulia, mahali unapopandisha chombo, na fundi anayeweza kukitengeneza bila wewe kusafiri siku mbili kumfuata.

Kwa nini mbao zinaachwa

Mbao zina sifa zake. Fundi wake yupo karibu kila kijiji cha wavuvi, na vifaa vyake ni shoka, tezo, misumari na pamba ya kutia kalafati. Ubao ukioza hutolewa, unawekwa mwingine. Tena mbao huelea, hata chombo kikijaa maji.

Tatizo ni kwamba miti migumu imekuwa adimu na bei yake imepanda, hivyo boti nyingi hujengwa kwa mbao laini zisizodumu. Baharini wapo wadudu wanaotoboa mbao, ndiyo maana wavuvi wa pwani huchoma chini ya chombo kwa moto wa makuti na kupaka deheni au mafuta mara kwa mara. Kila siku ya kalafati ni siku isiyo na samaki. Aidha, mbao hunyonya maji na damu ya samaki. Chombo huwa kizito, mashine inakula mafuta zaidi, na harufu haitoki hata ukisugua.

Faiba ni nini

Boti ya faiba hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizofumwa au kutandazwa kama mkeka, zikalowekwa kwenye gundi ya maji iitwayo rezini. Fundi huchanganya rezini na dawa ya kugandisha, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 za dawa kwa kilo moja ya rezini, kisha hupaka tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu. Ikikauka, boti hutolewa ikiwa kipande kimoja kisicho na maungio ya kupitisha maji.

Faida yake kubwa baharini ni kwamba haishiki kutu, haiozi na wadudu hawaili. Uso wake ni laini, unaoshwa kwa maji na sabuni ukatakata. Fundi mwenye kalibu anaweza kutoa boti kumi zinazofanana, na umbo lake la mviringo hukata mawimbi vizuri.

Udhaifu wa faiba upo kwenye kugongwa na kusuguliwa. Ikipiga mwamba kwa nguvu hupasuka. Ikiburuzwa kila siku juu ya mchanga na matumbawe, ngozi ya juu huisha, maji huanza kuingia kwenye nyuzi na baada ya muda malengelenge hutokea. Ubaya zaidi ni pale boti inapokuwa na mbao zilizofichwa ndani ya faiba, hasa ubao wa nyuma unaofungiwa mashine. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa, ubao huo huoza ndani kwa ndani na nje huoni kitu, hadi siku mashine inapoanza kutikisika.

Kutengeneza faiba hakuhitaji umeme wa nguvu. Sehemu iliyopasuka hukaushwa kabisa na kuparuzwa ikawa kama mteremko, upana wa milimita 12 kwa kila milimita moja ya unene, ndipo mikeka mipya na rezini huwekwa. Mtu makini anaweza kujifunza kazi hii. Ila vumbi lake linaumiza mapafu na dawa ya kugandisha ni hatari kwa macho, hivyo kitambaa cha pua na miwani ni lazima.

Alumini ni nini

Alumini ni madini yaleyale ya sufuria, lakini ya boti huchanganywa na magnesiamu ili iwe ngumu na istahimili maji. Mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji namba ya bati lenyewe. Namba 5083 na 5086 ni za baharini, na 5052 hutumika sana kwenye boti ndogo. Muuzaji asiyeijua namba, au anayesema alumini zote ni sawa, anakuuzia chombo cha kubahatisha.

Sifa ya kwanza ya alumini ni wepesi. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Boti nyepesi husukumwa na mashine ndogo, na watu wachache huipandisha ufukweni. Sifa ya pili ni kwamba ikigonga jiwe, mara nyingi hubonyea badala ya kupasuka, na mvuvi hurudi nyumbani na kibonyeo chake. Kwa mialo yenye mawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Ukerewe na pwani ya Ziwa Tanganyika, hilo ni jambo kubwa. Sifa ya tatu ni kwamba hata ikichakaa, wanunuzi wa vyuma chakavu wataitaka. Faiba iliyokufa haina mnunuzi.

Kwa upande mwingine, alumini hupata moto sana juani, jambo baya kwa samaki wasio na barafu. Ina kelele mawimbi yanapoipiga. Zile zilizounganishwa kwa riveti huanza kuvuja riveti zinapolegea.

Tatizo kubwa zaidi ni ufundi. Fundi wa kuchomelea mageti ya chuma hawezi kuchomelea boti ya alumini kwa vifaa vyake vya kila siku. Inahitajika mashine maalumu, waya wa alumini na mtungi wa gesi ya agoni. Alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, chini sana ya chuma, na haibadiliki rangi kumwonya fundi. Asiyeizoea hutoboa tundu kubwa kuliko lile aliloitiwa.

Maji chumvi na maji baridi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Alumini yenyewe hujikinga kwa utando mwembamba unaojijenga juu yake. Lakini kwenye maji ya chumvi, ikigusana na shaba au chuma, yenyewe ndiyo inayoliwa. Bomba la shaba, boliti ya chuma bila mpira wa kutenganisha, au hata sarafu iliyosahauliwa chini ya boti inaweza kuanzisha kidonda. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza kuzunguka boliti.

Kwa sababu hiyo boti ya alumini ya baharini hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala yake, na vikiisha hubadilishwa. Katika maziwa ya maji baridi, vipande vya magnesiamu ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Vilevile, usipake chini ya boti ya alumini rangi ya kuzuia uoto yenye shaba ndani yake. Rangi hizo ni za kawaida madukani na zinafaa kwa mbao na faiba, lakini kwa alumini ni sumu.

Kwa hiyo, mvuvi wa Kilwa, Mafia au Tanga ambaye chombo chake kinashinda ndani ya maji ya chumvi, na mafundi wa faiba anao jirani, ana sababu nzuri ya kuchagua faiba. Akikilaza juu ya matumbawe maji yanapokupwa, aagize faiba nene zaidi chini na afunge ukanda wa mbao au chuma kwenye mkuku, uwe unasuguliwa wenyewe na kubadilishwa. Mvuvi wa ziwani, kwenye mwalo wa mawe, anayepandisha boti kila siku, anaweza kufikiria alumini, kwa sharti moja: awe amemwona kwa macho fundi mwenye mtungi wa agoni.

Hesabu ya siku moja ya kazi

Bei ya dukani peke yake haitoshi. Gawa bei ya boti kwa miaka unayotarajia iishi, ongeza matengenezo ya mwaka, kisha gawa kwa siku ambazo boti itaingia majini. Tutoe mfano, na namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Boti ya mbao ya shilingi milioni 6, itakayoishi miaka 8, ni shilingi 750,000 kwa mwaka. Ongeza matengenezo ya 600,000, inakuwa 1,350,000. Ikivua siku 180, kila siku inakugharimu 7,500.

Boti ya faiba ya milioni 14, itakayoishi miaka 20, ni 700,000 kwa mwaka. Ongeza matengenezo ya 300,000, inakuwa milioni moja. Ikivua siku 200, ni shilingi 5,000 kwa siku.

Boti ya alumini ya milioni 20, itakayoishi miaka 25, ni 800,000. Ongeza 200,000 za matengenezo, nayo ni milioni moja. Kwa siku 200 ni 5,000 vilevile. Lakini ikipata ufa na kusubiri fundi miezi mitatu, siku za kazi zikashuka hadi 125, gharama inaruka hadi 8,000 kwa siku, zaidi ya ile ya mbao. Hapo bado hujahesabu samaki uliowakosa.

Mfanyabiashara anayenunua boti ili awape wavuvi wafanye kazi kwa mgawo aisome hesabu hii mara mbili. Chombo kilicholala ufukweni hakina fungu, na mabaharia wazuri hawasubiri. Watahamia kwa tajiri mwingine, na kuwarudisha ni kazi.

Kabla ya kulipa

Ukinunua faiba iliyotumika, igonge kwa sarafu kila sehemu. Panapotoa mlio mkavu pako salama, panapotoa mlio mzito kama wa boksi lililolowa, tabaka zimeachana. Shika mashine uitikise juu na chini huku mwenzako akitazama ubao wa nyuma. Ukicheza, ubao umeoza.

Ukinunua alumini iliyotumika, iweke juu ya magogo nchi kavu, mimina maji ndani, kisha lala chini utazame. Riveti na viungo vibovu vitajionyesha kwa matone. Tafuta unga mweupe kwenye boliti zote.

Ukinunua mpya, nenda karakana siku ya kazi. Uliza chini kuna tabaka ngapi, ndani kuna mbao gani, na nani atatengeneza ikiharibika. Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Kabla ya kusaini, tafuta ushauri kwa ofisa uvuvi wa wilaya au kwa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), wenye vyuo Mbegani, Bagamoyo na Nyegezi, Mwanza. Kikundi kinachonunua boti tatu au nne kina nafuu moja zaidi: kinaweza kumsomesha kijana wake mmoja ufundi wa faiba, na fundi akawa wa nyumbani.

Usalama usisahaulike

Aliyezoea mbao anajua kwamba chombo chake hakizami moja kwa moja. Faiba na alumini havina huruma hiyo. Zikijaa maji huenda chini pamoja na mashine, isipokuwa kama zimejengewa visanduku vya hewa au povu lisilonyonya maji. Usikubali boti isiyo navyo, hata kwa punguzo. Pia faiba huungua vibaya, na moshi wake ni mzito. Jiko la mkaa na karabai vilivyozoeleka kwenye boti za mbao vinahitaji mahali pa chuma mbali na mafuta, au viachwe kwa kutumia taa za sola.

Mwisho, kamilisha leseni ya uvuvi na ukaguzi wa chombo kabla ya safari ya kwanza, na jaketi za kuokolea zihesabiwe kwa idadi ya vichwa vinavyoingia botini. Hiyo ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na bei ya boti yenyewe.