Difuloki
Difuloki ni kifaa kinachofunga difu ya gari ili magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Bila kufungwa, nguvu huishia kwenye gurudumu linaloteleza. Ndiyo maana hata gari la "fowili" hukwama katika barabara za udongo za vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wakati wa mvua. Kwenye lami kavu ifunguliwe, la sivyo kona huweza kukata ekseli.

Uwiano wa difu ni suala jingine. Ukiwa 4.1, shafti ya propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Namba kubwa hufaa kupandisha mzigo wa kahawa, ingawa hula mafuta zaidi safarini. Difu ya mbele na ya nyuma sharti zilingane. Zisipolingana, fowili huharibu giaboksi.