Hadubini Isiyoona: Vyombo vya Maabara katika Kipimo cha Nanomita

Neno "darubini" lina asili ya Kiajemi: "dur" ni mbali, na "bin" ni shina la kuona. "Hadubini", yaani chombo cha kuonea vitu vidogo, ina mwisho uo huo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyombo vya maabara za nanomita vinavyofanya kazi, na kwa nini maana hiyo ya kuona haivitoshelezi vyote.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele mmoja hukaribia nanomita 80,000. Mawimbi ya nuru ionekanayo kwa macho yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kwa hiyo hadubini ya kawaida, hata lenzi zake ziwe bora namna gani, haipambanui vitu vilivyoachana kwa chini ya nanomita 200 hivi. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll waliunda huko Berlin hadubini itumiayo elektroni badala ya nuru. Mawimbi ya elektroni ni mafupi mno, lakini sharti zipite katika ombwe, kwani hewa ingezitawanya.

Mwaka 1981, katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zurich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliiacha lenzi kabisa. Katika chombo chao, ncha kali ya metali hupitishwa juu ya uso wa kitu kwa umbali usiotimia nanomita moja. Mkondo hafifu wa umeme huvuka pengo hilo. Pengo likipungua kwa sehemu ya kumi ya nanomita, mkondo huongezeka takriban mara kumi. Kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuvigeuza kuwa picha. Mwaka 1986 Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walieleza chombo cha pili, ambacho ncha yake huhisi nguvu za atomi hata juu ya kitu kisichopitisha umeme. Mwaka huo huo Ruska, Binnig na Rohrer walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa vyombo hivyo, jengo lenyewe ni sehemu ya chombo. Nyayo za mpita njia au ngurumo ya gari hutosha kuitikisa ncha. Ndiyo sababu huwekwa juu ya springi au meza zinazobebwa na hewa. Na katika kituo kilichofunguliwa Rüschlikon mwaka 2011, maabara zisizo na mtikisiko zilijengwa chini ya ardhi.

Kazi ya ncha hiyo yafanana na ya kipofu asomaye nukta nundu, ingawa kidole hiki chaweza kusoma bila kugusa. Mwanafunzi akiambiwa kwamba chombo "huona" atomi, ataidhani picha kuwa ni fotografia, na rangi zake kuwa ni rangi za atomi, ilhali zimetiwa na kompyuta ili kutofautisha vimo. Kiswahili kina kitenzi kifaacho: kupapasa. "Hadubini ya kupapasa" ni jina refu kidogo, lakini halimdanganyi msomaji.